Kodi ya Ng'ombe wa Verlyn

Kila Februari watu wa Halvor huniletea mwaka wao mzima ndani ya ndoo ya aiskrimu. Ni zile ndoo za plastiki zenye mkono wa waya. Aiskrimu ikiisha hazitupwi. Zinawekewa misumari, vifungo vya mashati, supu, na mwisho wa mwaka karatasi za kodi. Kazi yangu ni kuwajazia watu kodi, katika chumba kilichopakana na duka la mashine za kufulia, na nimeifanya muda mrefu hata nikifungua kifuniko najua humo mlikuwa na vanila au chokoleti. Ndoo silalamikii. Ninacholalamikia ni mtu kuketi mbele yangu akaapa kwamba karatasi zote zimo, halafu Machi anarudi na nyingine aliyoikuta chini ya kiti cha gari.

Shemeji yangu Verlyn Skaar hakuwahi kuniletea ndoo. Ya nyumba yao alikuwa akiileta dada yangu Ardis, mkewe, nayo ilikuwa imepangwa vizuri, kila karatasi na mwenzake. Ardis alitutoka Oktoba. Kwa hiyo Februari ile Verlyn alikuja mwenyewe, akavua kofia, akakung'uta theluji juu ya zulia langu wakati mkeka wa kukung'utia uko pale pale mlangoni unamtazama.

"Habari za nyumbani, shemeji?" nikamuuliza.

"Si mbaya."

Huyo ndiye Verlyn. Ana jibu moja. Baridi ya kupasua mabomba, si mbaya. Upepo ulipobeba paa la ghala lake na kuliweka shambani kwa jirani, si mbaya. Siku ile hospitalini daktari alipotoka, nilimuuliza Verlyn amesemaje, akasema, "Si mbaya," kisha akakaa sakafuni, mtu mzima na koti lake, akabaki hapo. Tangu siku ile nimejifunza kuzipima si mbaya zake. Nyingi ni za adabu tu, lakini ile ya sakafuni ninaitambua hata kwa simu.

Akaingiza mkono ndooni akatoa karatasi mbili kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya.

"Nadhani kiwandani wamekosea. Kampuni ile ile, jina langu mara mbili."

"Hawajakosea. Kwao wewe ni watu wawili."

"Ala!"

"Hii ya kwanza ni ya mshahara. Humu wewe ni mwajiriwa wa Ostby. Unakata jibini, wao wanakata kodi kabla pesa haijakufikia, na kwenye mfuko wa uzeeni wanatoa nusu na wewe nusu. Hii ya pili ni ya kandarasi. Humu hakuna aliyekukata kitu. Humu wewe ndiye kampuni. Nusu ya mwajiriwa unalipa wewe, na nusu ya mwajiri unalipa wewe."

"Kandarasi ya nini tena?"

"Ya ng'ombe, Verlyn."

Akaangalia theluji yake ikiyeyuka kwenye zulia langu. "Ardis hakuniambia."

Ardis hakumwambia kwa sababu alijua angejibiwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nafoka. Kila mwaka nilimwambia dada yangu, huu ni uonevu, tuandike barua, na kila mwaka alinijibu, "Jaza tu, Marlys. Tutalipa." Na kweli walilipa.

Nimtambulishe ng'ombe, maana bila yeye hamtaelewa ugomvi. Zamani mzee Ostby, mwenye kiwanda cha jibini, alitaka ng'ombe wa kutembea kwenye gwaride la maziwa la Juni. Ardis alikuwa fundi cherehani. Akanunua kitambaa kwa pesa zake, akakata, akashona ng'ombe mweusi na mweupe mwenye kope ndefu kuliko za mwanamke yeyote wa mji huu. Ng'ombe wa watu wawili. Verlyn aliingia mbele, kichwani na miguu miwili ya mbele. Ardis aliingia nyuma, ameinama, ameshika mkanda wa suruali ya mumewe, haoni kitu. Miaka zaidi ya thelathini. Mimi nilimwambia wazi, "Dada, wewe fundi mzima wa magauni ya harusi, kila Juni unakuwa makalio ya ng'ombe. Watu wanakucheka."

"Wanamcheka ng'ombe," akasema, akaendelea kupiga pasi mkia.

Mzee Ostby aliwalipa pesa taslimu na gurudumu la jibini. Kisha akafa, akaja mjukuu wake Craig na digrii yake. Craig si mtu mbaya. Anasalimia, anakumbuka majina ya mbwa wa watu. Ila alikaa na hesabu zake akaona kwamba Verlyn akikata jibini ni mwajiriwa, lakini Verlyn huyo huyo akivaa kwato ni mfanyabiashara wa kujitegemea, na kwa hiyo kampuni haidaiwi na serikali chochote kwa ajili ya kwato. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Haya," nikamwambia Verlyn, nikavuta kompyuta. "Ya mshahara inaingia huku peke yake, ya kandarasi inaingia kwenye fomu ya biashara. Huwezi kuzichanganya hata kama zimetoka mfuko mmoja. Jina la biashara?"

"Sina."

"Wanataka jina."

"Ng'ombe."

"Aina ya biashara?"

Akawaza kwa uaminifu kabisa. "Ng'ombe."

"Vifaa ulivyonunua mwaka huu?"

"Zipu moja. Na gundi ya kope. Na kigari cha kuteleza thelujini."

"Kigari cha nini?"

"Cha nyuma." Akakunja kofia yake. "Desemba Craig aliniletea ratiba ya gwaride la Krismasi kama kawaida. Sikuwa na mtu wa nyuma. Nikajaza nyasi kavu, nikaiweka juu ya kigari, nikavuta."

Nilikuwa nimeliona lile gwaride. Mji mzima uliliona. Mbele ng'ombe anatembea, nyuma ng'ombe amelala ubavu kwenye kigari, miguu imetazama mbinguni, anaburutwa barabara kuu na bendi inapiga. Watu wakapunga mikono. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu huku kwetu Wisconsin hakuna anayesema kitu. Jirani yako nyumba yake inaungua, unapita na sahani ya chakula, unamwambia naona leo kuna joto. Mimi nilirudi nyumbani nikalia hadi nikapaliwa.

Basi nilipoandika hicho kigari kwenye safu ya gharama, hasira ikanipanda.

"Nani anakuambia uende gwaride gani?"

"Craig."

"Saa ya kufika?"

"Craig."

"Na namna ya kutembea?"

"Anatuma maelekezo. Tusiwazuie wapiga ngoma. Na tusisimame mbele ya duka la vyuma la zamani, tunachelewesha watu."

"Na mnasimama?"

"Huwa tunasimama pale."

"Kwa nini?"

"Huwa tu."

"Sikiliza, shemeji. Sheria hii ni mizani. Mtu akikupangia uende wapi, saa ngapi na utembeeje, basi wewe ni mwajiriwa wake hata ukiwa na mkia. Craig anakula nusu yake ya kodi na kukutwika wewe. Leo tunakwenda kwake."

"Sitaki kumsumbua."

"Mimi nataka."

Ofisi ya Craig ina dirisha linalotazama mapipa ya maziwa. Alitukaribisha kwa kahawa na vipande vya keki. Kwa kawaida ya huku unakataa mara mbili, unasema usijisumbue, ya tatu unapokea. Verlyn alikataa mara mbili, akapokea. Mimi nilipokea mara ya kwanza kwa makusudi, ili Craig ajue nimekuja na vita.

Nikampangia mambo yote. Ratiba zake, maelekezo yake, ngoma, duka la vyuma. Nikamwambia tukiandika barua ofisi ya kodi, watauliza ni nani bwana wa ng'ombe huyu, na jibu liko kwa mwandiko wako.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa mchana kutwa. Craig akasema, "Bi Marlys, usemayo ni kweli."

"Nini?"

"Mwanasheria wetu ameniambia hayo hayo. Tutarekebisha. Mzee Verlyn atakuwa mwajiriwa kote kote, karatasi moja, na nusu yetu ya miaka iliyopita tutalipa na kumrudishia chake."

Zilikuwa pesa za kutosha kumwekea Verlyn tanuri jipya la kupashia nyumba moto, lile lake la zamani lilikuwa linakohoa. Nikameza keki kwa raha. Nilijiona nimeangusha mbuyu.

"Na sasa kwa kuwa ni kazi ya kampuni," Craig akaendelea kwa upole, "vifaa vya kazi vinakuwa vya kampuni. Vazi tutalinunua kwa bei nzuri. Tutaliweka kwenye kabati la kioo pale mlangoni, na picha ya Bi Ardis. Kwenye gwaride tumeagiza ng'ombe mpya, wa kujazwa hewa. Anabeba mtu mmoja, ana feni ndani. Vijana wa chuo watamvaa kiangazi. Mzee Verlyn apumzishe mgongo, atatembea pembeni agawe jibini kwa watoto."

Mapipa yakazunguka dirishani.

"Unaonaje, Mzee Verlyn?"

"Si mbaya," akasema Verlyn.

Mimi peke yangu chumbani mle nilijua ni ipi ile. Ilikuwa ya sakafuni.

"Atafikiri," nikasema haraka, nikasimama, nikamshika mkono. "Tutakuletea jibu."

Ijumaa tulikwenda kula samaki baa kwa Lund kama kila mtu. Wakati Ardis yupo tulikaa watatu, mimi na Ardis tukisema, Verlyn akitafuna. Sasa tulikuwa mimi na mtafunaji. Samaki waliisha, viazi vikaisha, nikajua leo hakuna atakayenisaidia kusema.

"Pesa zile ni haki yako," nikaanza. "Usije ukaniambia unaziacha."

"Naziacha."

"Wewe Verlyn! Una wazimu? Kwa ajili ya nguo?"

Akasogeza sahani. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema maneno mengi kwa mkupuo.

"Nyumbani mimi na Ardis tulikuwa hatuongei. Unanijua nilivyo. Nipe chumvi, chukua chumvi. Lakini humo ndani alikuwa haoni, kwa hiyo ilibidi nimwambie. Kushoto shimo. Sasa tunapita kanisani. Mchungaji amenenepa. Lund kasimama na yule mjane wa benki, na wameshikana mikono, Ardis, wallahi. Naye anacheka huko nyuma, anauliza, amevaa nini? Barabara nzima, kwenda na kurudi. Nikishatoka humo siwezi tena. Nimejaribu jikoni. Haiji." Akanywa brandi yake. "Wakimweka kwenye kioo atakuwa amekufa mara ya pili."

Nikamwangalia. Dada yangu alikuwa akirudi kutoka kwenye magwaride mashavu mekundu, ananiambia "jaza tu, tutalipa," na mimi nikadhani ni upole wa kijinga. Kumbe alikuwa anajua ananunua nini. Nilisikia wivu, nasema wazi. Mimi niliolewa na mtu aliyeongea usiku na mchana, na sikumbuki hata neno moja.

"Basi niandike vile vile," akasema. "Kandarasi. Nitalipa."

"Haiwezekani hivyo tu. Sheria haiulizi unapenda nini, inauliza ukweli ni upi. Mwaka uliopita mizani ilikuwa katikati. Ng'ombe ni wako, mlimshona nyinyi, mlitembea mtakavyo, hilo ni upande wa kandarasi. Mwaka huo nitaujaza kama karatasi ilivyosema na nitalala usingizi. Lakini ukitaka kuendelea, lazima uwe bwana wa ng'ombe kweli. Craig akikupa ratiba, uikatae. Akikuambia usisimame, usimame. Inabidi umwambie hapana."

Rangi ikamtoka. "Hapana kabisa?"

"Hapana kabisa."

"Siwezi kumwambia naona labda si rahisi?"

"Hapana, Verlyn!"

"Umeona? Wewe unaweza."

Wiki nzima nilimfundisha ofisini kwangu, kati ya mteja na mteja. Mimi najifanya Craig. "Mzee Verlyn, tunamchukua ng'ombe."

"Ni wazo zuri, ila..."

"Hakuna ila! Sema hapana."

"Tutaona."

"Hapana!"

"Kwa kweli sitaki kuleta shida."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja nguo zake zikauke upande wa pili alichungulia mlangoni akamwambia, "Jamani, si useme tu!" Verlyn akamwomba radhi. Nilitaka kumpiga na ndoo.

Usiku wa kuamkia siku ya jibu sikulala vizuri. Nilimwambia kama hawezi kusema, asaini karatasi za Craig, nami nitasema nimemshauri. Ndani ya moyo nilikuwa nimeshamwona ng'ombe wa dada yangu nyuma ya kioo, na kope zake, na kibao cha maelezo.

Tukaingia. Craig akasimama, akatabasamu, akanyanyua birika.

"Kahawa, Mzee Verlyn?"

"Hapana," akasema Verlyn.

Lo! Hamjui ninyi. Katika mji wa Halvor hakuna mtu aliyewahi kujibu hivyo. Kahawa haikataliwi hivyo hata na mgonjwa. Inakataliwa kwa asante, kwa usijisumbue, kwa nimetoka kunywa sasa hivi lakini kama ipo tayari. Craig alibaki na birika hewani. Alimwangalia Verlyn kama aliyetukaniwa bibi yake. Verlyn mwenyewe alishtuka, akageuka kunitazama, na nikaona ameelewa kwamba limemtoka, na paa halijaanguka.

"Hata kidogo?" Craig akauliza kwa sauti nyembamba.

"Hapana. Na ng'ombe hapana. Ng'ombe ni wangu, mke wangu alimshona. Nitakata jibini lako hadi nistaafu, hiyo ni kazi yako. Ng'ombe ni kazi yangu. Ukimtaka Juni, njoo uniulize bei, nami nitakuambia anatembeaje." Akapumua. "Na huwa tunasimama mbele ya duka la vyuma."

Craig akaketi. Naye ni mtoto wa hapa, hakujua afanye nini na watu wanaosema wazi. Mwisho akasema, kwa heshima, kwamba kampuni inamshukuru, ila ng'ombe wa hewa ameshalipiwa, na hawana bajeti ya ng'ombe wawili.

"Sawa," akasema Verlyn.

Tulipofika kwenye gari nikamfungulia mlango. Alikuwa amepoteza tanuri na amepoteza mteja wake wa pekee kwa pigo moja. Nikamwambia, "Shemeji, leo umekuwa mfanyabiashara kamili."

"Ningeinywa ile kahawa," akasema.

Hadi Mei hakuna aliyemwajiri. Benki ilisema itafikiri, ndiyo namna yetu ya kukataa. Kanisa lilisema lina punda wake. Ng'ombe alining'inia kwenye chumba cha cherehani cha Ardis, na Verlyn akawa anakuja ofisini kwangu bila ndoo, bila sababu, anakaa, anasikiliza mashine za kufulia. Nilikuwa nikimtazama na kujua kitu anachotaka kuniomba, na nikajua kwamba huyu mtu, hata kama amejifunza kukataa, kuomba hajajifunza.

"Biashara yangu inahitaji tangazo," nikasema siku moja bila kuinua macho. "Nataka ng'ombe kwenye gwaride la Juni, abebe kibao cha ofisi yangu ubavuni. Bei gani?"

Akaitaja. Ilikuwa ndogo, nikaipandisha, akakataa mara mbili, ya tatu akapokea. Biashara ni biashara, lakini mila ni mila.

"Nyuma utaweka nyasi?" nikauliza.

"Kiangazi kigari hakitelezi."

"Basi nitaingia mimi."

Hakusema asante. Alisema zipu inabana, nivae kitu chepesi.

Nataka ieleweke kwamba mimi ni mwanamke wa miaka yangu, nina goti moja la kweli na moja la chuma. Jumamosi ya gwaride Verlyn alinifungia zipu nyuma ya kituo cha zimamoto. Giza. Joto la jiko la mkate. Kitambaa kilinuka sabuni ya Ardis, ile ya boksi la bluu, niliyomwambia mara mia ni mbaya kwa ngozi. Nikainama, nikashika mkanda wa shemeji yangu, nikaona visigino vya viatu vyake na kipande cha lami, basi. Ngoma zikaanza. Nilijisemea, Marlys, umesoma, una cheti ukutani, na leo ndiwe makalio.

Tulitembea kimya. Nikajikwaa mara ya kwanza, nikajikwaa tena. Nikasema moyoni, haongei, kwangu haitakuja, mimi si Ardis. Na ghafla sauti ikatoka huko mbele, nyepesi, ya mtu nisiyemjua.

"Kushoto shimo. Umeliruka, vizuri. Sasa kanisani. Mchungaji amepaka dawa ya jua kama anapaka siagi. Yule mama wa nguo kasimama, anatupungia, ana mkoba wa njano. Ng'ombe wa Craig yuko mbele, mkubwa, anang'aa. Watoto wanampenda."

"Amesinyaa hata kidogo?" nikauliza kwa matumaini.

"Hapana. Amejaa vizuri sana."

"Shenzi."

Akacheka. Verlyn Skaar akacheka kwa sauti, nikaisikia ikipita mgongoni mwake hadi kwenye mkanda niliokuwa nimeshika. Nikauliza Lund yuko wapi. Yuko na mjane wa benki, amevaa nini, amevaa gauni la maua, na sasa wamevaa pete. Mtaa mzima aliniambia. Nikasahau goti, nikasahau joto. Nilicheka hadi mkia ukatikisika, na watu wakashangilia wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Lakini mgongo hausahau. Tulipopita benki kiuno changu kilikuwa kinawaka moto, jasho linaingia machoni, na kila hatua nilikuwa nauma meno. Ningemwambia nini, mtu mwenye raha yake?

Ng'ombe akasimama.

Nikaona visigino vimetulia. Nyuma yetu wapiga ngoma wakakanyagana, mtu akapiga filimbi. Kwa pembeni, kwenye mpasuko wa kitambaa, niliona ngazi za duka la vyuma la zamani. Mbele Verlyn akaanza kuinamisha kichwa cha ng'ombe barabarani, polepole, kama anayekula majani, akachezesha masikio, watoto wakapiga kelele. Alipokuwa ameinama hivyo, kitambaa kilinyanyuka juu yangu, na ikapatikana nafasi. Nafasi ya mtu wa nyuma kuinuka. Kimo cha Ardis, ambacho ndicho kimo changu.

Nikanyoosha mgongo. Ulilia kama mlango.

Miaka yote ile, na maelekezo ya Craig, na "huwa tu." Nililia mle ndani bila kujizuia, kwani nani angeniona?

"Mgongo vipi?" akauliza Verlyn huko mbele, chini kwa chini, akiendelea kula majani.

"Si mbaya," nikamwambia.

Akaipima ile si mbaya yangu. Filimbi ikapigwa tena, na mtu mwenye kipaza sauti akaomba ng'ombe asogee. Verlyn hakusogea.